Rivolva ya magnum inapogoma: kosa ni la silaha au la risasi?

Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na chemba za risasi ndani yake, inaonekana rahisi kuliko bastola ya magazini, kwa hiyo watu hudhani haigomi. Hugoma, na zile za magnum, yaani za risasi zenye nguvu kubwa, hugoma kwa namna zake. Risasi ya .357 Magnum, iliyoanza 1935, kiwango chake cha juu cha mgandamizo ndani ya chemba ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000. Ile ya .44 Magnum ya 1955 ni 36,000. Ukipanda hadi .500 ya Smith & Wesson iliyotoka 2003 unafika 60,000, na .454 Casull ni 65,000. Tairi la gari dogo hujazwa kama 32. Kwa nguvu za namna hiyo, dalili ndogo haipuuzwi mpaka mwisho wa kisanduku cha risasi.

Kabla ya kumlaumu mtu au kitu, fanya mambo mawili. Kwanza, andika namba kwenye kila chemba ya silinda kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 6 (au 5), na maganda yakitoka yapange kwa kufuata namba hizo. Pili, uwe na kisanduku kimoja cha risasi za kiwandani ambazo unajua zinafanya kazi vizuri kwenye silaha hiyo. Kosa likifuata chemba moja kila mara, angalia silinda. Likifuata kisanduku kimoja hata kwenye rivolva ya jirani yako uwanjani, ni risasi. Ukibadilisha risasi, ukasafisha, ukakaza skrubu, yote kwa mkupuo, tatizo linaweza kuondoka na hutajua lilikuwa nini. Litarudi.

Mlio hafifu, au kishindo kisicho cha kawaida

Hii imewekwa mwanzo kwa sababu ndiyo inayopasua mitutu. Ukisikia "pof" badala ya mlipuko, au bastola isiruke mkononi kama ilivyozoea, au moshi mwingi ukatokea pembeni na hakuna tundu jipya kwenye shabaha, ACHA. Mtutu uendelee kuelekea shabaha, kidole kitoke kwenye kifyatulio. Subiri sekunde 30 kamili, halafu fungua silinda na utoe risasi zote.

Kinachotokea ni hiki: fataki (kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, kinachogongwa na nyundo) peke yake, bila baruti yoyote, ina nguvu ya kusukuma kichwa cha risasi nje ya ganda na kukikwamisha kwenye mlango wa mtutu, yaani mwanzo wake upande wa silinda, au inchi chache ndani. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unavimba kama pete mahali kilipokwama, au unapasuka. Kwa hiyo, silinda ikiwa wazi na tupu, pitisha fimbo ya mbao ngumu kutoka mdomo wa mtutu. Ikipita hadi nyuma bila kizuizi, uko salama. Kuchungulia kwa tochi ni nyongeza nzuri, ila fimbo haidanganywi na masizi.

Silinda ikikataa kufunguka baada ya mlio hafifu, mara nyingi kichwa kimesimama nusu kwenye chemba, nusu kwenye mtutu, kikiziba ule mwanya wa katikati. Chemba nyingine bado zina risasi hai, na kila moja inatazama mbele. Hapo weka silaha ikiwa imeelekea mahali salama na umwite msimamizi wa uwanja au fundi wa silaha. Hakuna aibu ndani yake. Njia ya "piga nyingine iisukume" imewagharimu watu silaha na vidole.

Baadaye tazama ndani ya ganda lililotoa mlio huo. Likiwa safi, na masizi mepesi tu kwenye tundu la fataki, baruti haikuwemo kabisa. Ukikuta punje zimeshikamana, zimegeuka rangi ya njano, zimeganda ndani ya ganda na chemba, baruti ilikuwemo ila haikuwaka ipasavyo: unyevu, mafuta yaliyopenya, au fataki dhaifu. Vyovyote iwavyo, risasi zilizobaki kwenye kisanduku hicho hazipigwi tena siku hiyo.

Nyundo inagonga, risasi hailipuki

Subiri zile sekunde 30 kwanza, maana wakati mwingine risasi huchelewa kuwaka. Kisha toa risasi uangalie alama kwenye fataki yake.

Alama ikiwa ya kina kirefu na iko katikati, silaha imefanya kazi yake; fataki ndiyo mbovu. Mafuta laini ya kupenyeza, yale ya kufungulia nati zenye kutu, ni adui mkubwa wa fataki. Ukiyanyunyizia kwenye silinda kisha ukaacha risasi ndani kwa wiki kadhaa, yanaweza kuingia.

Risasi ikikataa mara ya kwanza na ikalipuka ukiirudia, hiyo ni tabia ya fataki ambayo haikusukumwa hadi mwisho wa shimo lake kwenye ganda: pigo la kwanza lilitumika kuikalisha, la pili ndilo lililoilipua. Fataki inatakiwa iwe sawa na uso wa kitako cha ganda, au chini yake kwa takriban milimita 0.1. Isichomoze hata kidogo. Simamisha risasi taratibu juu ya kipande cha kioo. Ikiyumba kama meza yenye mguu mfupi, fataki imechomoza. Kosa hili ni nadra kwenye risasi za kiwandani na ni la kawaida kwenye zile zilizoshindiliwa nyumbani, yaani maganda yaliyojazwa upya kwa mkono.

Alama ikiwa ndogo, rudi kwenye silaha. Kwenye rivolva za Smith & Wesson zenye fremu za K na N (majina ya ukubwa wa fremu) kuna skrubu ndogo mbele ya mpini, upande wa chini, inayokaza springi ya nyundo. Wenye rivolva huilegeza ili kifyatulio kiwe chepesi, au hulegea yenyewe. Ikaze hadi mwisho. Haikuwekwa pale ili ichezewe. Springi nyepesi zinazouzwa kwa ajili ya "kulainisha" kifyatulio huleta matokeo yaleyale, na huumbuka haraka zaidi kwenye .454 Casull, kwa sababu inatumia fataki ndogo za bunduki ambazo kikombe chake ni kigumu kuliko za bastola.

Kuna jaribio jepesi. Kama silaha inalipua kila mara ukiinua nyundo kwa kidole gumba, lakini inakosa ukivuta kifyatulio moja kwa moja, nguvu ya nyundo iko mpakani. Nyundo husafiri masafa mafupi kidogo ukivuta kifyatulio tu, kwa hiyo upungufu hujionyesha hapo kwanza. Kabla ya kununua springi, fungua mpini usafishe: grisi iliyoganda kwenye baridi ya majimbo ya kaskazini mwa Marekani inaweza kuchelewesha nyundo vya kutosha.

Angalia pia kama silinda inacheza mbele na nyuma. Bastola ikiwa tupu, sukuma silinda nyuma, pima mwanya kati yake na mtutu kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya); kisha isukume mbele upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchezo wake. Milimita 0.03 hadi 0.08 ni ya kawaida. Ikivuka 0.1, pigo la nyundo linapotea kwa kuisukuma silinda mbele, na dawa yake ni vishimu, vipete vyembamba vya kujazia mwanya, vinavyowekwa na fundi.

Silinda inakataa kuzunguka

Hapa ndipo magnum inapotofautiana na bastola nyingine, kwa hiyo sikiliza vizuri linatokea lini.

Ikizunguka sawasawa kwa risasi mbili au tatu za kwanza kisha ikagota, shuku vichwa kutoka nje ya maganda. Rivolva inaporuka nyuma kwa nguvu, ganda linavutwa nyuma pamoja na silinda, lakini kichwa kizito kinabaki pale kilipokuwa. Kila teke linakitoa kidogo, mpaka ncha yake inachomoza mbele ya silinda na kugonga fremu. Kadiri rivolva ilivyo nyepesi na kichwa kilivyo kizito, ndivyo inavyotokea mapema; .357 yenye fremu nyepesi ya aloi inaweza kufanya hivyo kwa risasi ambazo rivolva nzito ya chuma huzimeza bila neno.

Jaribio lake: jaza chemba sita, na risasi ya sita uipime urefu kwanza kwa kalipa. Piga tano. Toa ya sita uipime tena. Kwa .44 Magnum urefu wa juu kabisa unaokubalika ni milimita 40.9, lakini usisubiri kipimo hicho. Ikiongezeka hata nusu milimita, risasi hizo hazifai kwa rivolva hiyo, hata kama zinalenga vizuri namna gani.

Chanzo ni mdomo wa ganda kutoshika. Risasi ya rivolva yenye nguvu hutakiwa mdomo wake ukunjwe ndani kabisa, uingie kwenye mfereji uliozunguka kichwa. Ukitazama kwa karibu utaona ukingo wa ganda umezama kwenye mfereji huo. Kama ukingo umenyooka tu na kubana ubavu wa kichwa, au mfereji unaonekana juu ya mdomo wa ganda, umeshapata jibu. Kule kubana kwa mnyooko ni kwa bastola za magazini, ambazo ganda lake hupimwa kwa ukingo wa mdomo.

Risasi hizo ukizinunua, zirudishe. Ukizipata kwa rafiki anayeshindilia mwenyewe, mwambie, na usizipige. Na hapa neno la sheria. Marekani, sheria ya serikali kuu inamruhusu mtu kushindilia risasi kwa matumizi yake mwenyewe; kuuza ndiko kunakotaka leseni. Usichukulie kwamba Afrika Mashariki ni hivyohivyo. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, na kusema "ni za kwangu tu" hakusaidii.

Ikiwa ngumu tangu unapoijaza, si vichwa. Fungua silinda, bonyeza fimbo ya kutolea maganda, utazame chini ya ile nyota inayosukuma vitako. Punje moja ya baruti isiyoungua, nyembamba kama ganda la ufuta, inatosha kuinua nyota na kufanya silinda ibane. Ipige mswaki mkavu, nyota na kitanda chake. Kinga yake ni namna ya kutoa maganda: elekeza mdomo wa mtutu juu, kisha piga fimbo mara moja kwa kiganja, kwa nguvu, ili takataka zianguke chini pamoja na maganda. Ukibonyeza taratibu huku mtutu umelala, punje zinaingia palepale usipozitaka.

Ikiwa inabana kwenye chemba fulani tu, angalia fataki za maganda yaliyotoka hapo. Mstari wa mkwaruzo juu yake ni ushahidi kwamba zilikuwa zimechomoza na zinasugua ngao ya nyuma, ile sehemu ya fremu iliyo nyuma ya silinda.

Ikiwa inaanza kubana baada ya risasi 50 au zaidi, silaha ikiwa ya moto, pima mwanya kati ya silinda na mtutu. Rivolva nyingi ziko kati ya milimita 0.10 na 0.20. Chini ya hapo masizi ya mbele ya silinda na joto huziba nafasi. Mwanya mpana zaidi haugandishi silinda, unapoteza kasi tu na kuongeza mwale wa pembeni. Na mwale huo si wa mchezo: kwenye .500 gesi inayotoka hapo inaweza kuchana kidole gumba kilichotangulizwa mbele ya fremu, jambo linalowapata sana waliozoea kushika bastola za magazini.

Mwisho, silinda isiyofunguka kabisa ilhali hakuna kilichokwama: fimbo ya kutolea maganda imelegea na kurefuka. Smith & Wesson za tangu miaka ya 1960 zina nyuzi za kushoto, yaani hukazwa kinyume cha ulivyozoea. Ukiifungua, weka maganda matupu kwenye chemba kabla ya kukaza, la sivyo utapinda vipini vidogo vinavyoshika nyota.

Maganda hayataki kutoka

Swali la kwanza: ulipiga nini kabla? Watu wengi hufanyia mazoezi risasi nyepesi zaidi, .38 Special kwenye rivolva ya .357, au .44 Special kwenye ya .44 Magnum, na ni halali kabisa. Ila ganda la Special ni fupi kwa zaidi kidogo ya milimita 3, na mbele ya mdomo wake hujijenga pete ya masizi na madini ya risasi (ile metali laini, "lead"). Ukija kuweka magnum, mdomo wa ganda unakaa juu ya pete hiyo, unatanuka na kushika. Brashi ya shaba na dawa ya kusafishia, chemba baada ya chemba, na imekwisha.

Chemba zikiwa safi na maganda ya kisanduku kipya yanashika kwenye chemba zote, chukulia kwamba mgandamizo umezidi. Linganisha na za kiwandani: zikitoka kwa kidole kimoja huku zile nyingine zikitaka kupigwa, kesi imekwisha. Wengi hutazama fataki kama zimebapa, lakini kwenye rivolva kipimo hicho hakiaminiki; fataki laini hubapa kwa mgandamizo wa kawaida, ngumu hubaki na mviringo hata hali ikiwa mbaya. Ganda kushika chemba ni ishara ya kweli, na huja kwa kuchelewa, silaha ikiwa tayari inateswa. Usizimalizie. Usigonge fimbo kwa nyundo pia. Inapinda, na silinda inaanza kusugua.

Ganda lililopasuka nalo lina lake la kusema. Ufa mfupi mdomoni ni uchovu wa ganda lililokunjwa na kutanuliwa mara nyingi, na yenye rangi ya fedha, yaliyopakwa nikeli, hufika huko mapema zaidi. Ganda hilo ni la kutupa. Ufa ubavuni ukijirudia kwenye chemba ileile, chemba ipimwe. Ufa unaozunguka karibu na kitako hautaki mjadala: silaha na risasi zote vinaenda kwa fundi.

Madini ya risasi yanaganda mtutuni

Hii huwapata wanaotumia vichwa vya madini matupu yasiyo na koti la shaba. Dawa inayopendekezwa sana ni kununua vichwa vigumu zaidi, na mara nyingi si dawa. Tatizo kubwa ni upana. Kichwa chembamba kuliko mifereji ya mtutu huacha gesi ya moto ipite ubavuni, na gesi hiyo huyeyusha madini na kuyabandika.

Tazama yameganda wapi. Yakianza mara tu baada ya mlango wa mtutu, kichwa ni chembamba au midomo ya chemba imekibana kabla hakijafika. Yakianza karibu na mdomo wa mtutu, nta ya kulainishia imeisha njiani. Kujua midomo ya chemba, chukua kichwa kitupu, ambacho hakijawekwa kwenye ganda, ukisukume kwa kidole kutoka mbele ya silinda iliyo tupu. Kikipita kwa kubana kidogo, ni sawa. Kikidondoka chenyewe, chemba ni pana; kikikataa kabisa, ni finyu, na kila risasi inapunguzwa upana kabla ya kuingia mtutuni.

Kusafisha: zungushia brashi nyuzi za kusugulia sufuria za shaba tupu, usugue mtutu ukiwa mkavu, vipande vya madini vitatoka kama magamba. Jaribu nyuzi hizo kwa sumaku kabla. Zikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kitakwaruza. Mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi unayeyusha madini kweli, lakini unaacha maji yenye sumu na hula chuma ukisahau dakika chache. Uache. Vumbi la kazi hii lisifike jikoni wala kwa watoto: nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula.

Vipande vinaruka pembeni

Jirani kwenye uwanja akilalamika kwamba anachomwa na vipande vidogo, silinda haiko sawasawa na mtutu wakati wa kufyatua. Hakikisha silaha ni tupu, inua nyundo polepole sana kwa gumba huku kidole cha mkono mwingine kikigusa silinda kwa wepesi kuizuia. Kufuli ya silinda inatakiwa ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila chemba. Nyundo ikisimama na silinda bado haijajifunga, mkono unaoizungusha umelika, na hiyo si kazi ya mezani nyumbani. Kama zote zinajifunga, mpe fundi apitishe fimbo ya kupimia mtutuni, na akague mlango wa mtutu kama umechimbika. Mfereji mwembamba uliokatwa na gesi kwenye fremu juu ya mwanya unatisha kwa macho, lakini kwa kawaida hufika kina fulani ukasimama.

Risasi zinatawanyika kwenye shabaha

Kaza skrubu zote, za lengeo na za ubavuni; magnum huzilegeza, na tone la gundi ya skrubu ya kiwango cha kati husaidia. Kama hakuna kilicholegea, mpe mwenzako akujazie silinda bila wewe kutazama, achanganye risasi na maganda yaliyokwisha kupigwa. Nyundo ikianguka kwenye ganda tupu na mdomo wa mtutu ukazama chini, basi ni mkono wako unaotangulia mlipuko, na hakuna springi wala risasi itakayokurekebisha. Rudi kwenye Special, visanduku kadhaa, kisha jaribu tena.